Kwikwi ya siku 11

Mama ndiye aliyehesabu: siku 11 za kwikwi na kutapika, kule kwetu Wete, Pemba. Nikaambiwa vidonda vya tumbo. Jirani akaniletea kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, nikalinywa, maana kaleta kwa mapenzi. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafifia miezi 3 kabla, na hakuna daktari aliyeniuliza habari za jicho. Hilo linaniuma hadi leo.

Miguu ilipokufa ganzi nikavuka kwa boti hadi Unguja, kisha Dar es Salaam. Jibu la picha: multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huharibu ubongo na uti wa mgongo. Mwaka mzima nikachomwa sindano za interferoni, dawa ya ugonjwa huo, nami nazidi kuharibika. Kumbe dawa hiyo inaweza kuuchochea ugonjwa wangu.

Wangu ni nyuromielaitisi optika. Kinga ya mwili hushambulia akwaporini-4, vijia vya maji kwenye seli za ubongo, mishipa ya macho na uti wa mgongo. Kingamwili yake, yaani protini ya kinga inayofanya shambulio hilo, ilitambuliwa 2004, na hupimwa kwa damu. Kichupa kimoja cha damu! Na kwikwi isiyokoma ni dalili yake inayojulikana.

Sasa natembea kwa bakora hadi sokoni. Jicho halikurudi.

Juzi mtoto wa shoga yangu alikuja na kwikwi ya siku 4. Nimemuuliza jicho kwanza.