Kipande cha babu, safari ya susu

Bati lenyewe lilikuwa la biskuti, limeshika kutu pembeni, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Baba mdogo alinikabidhi Krismasi iliyopita kule Kangundo. "Wewe ndiye umeitwa jina lake," akasema, "basi mzigo ni wako." Alimaanisha susu, yaani bibi kwa Kikamba, mama yake yeye na baba yangu. Nilipolifungua nyumbani Umoja, Nairobi, nikakuta karibu kila karatasi ni ya babu: risiti za kodi, kipande (cheti cha kazi alicholazimishwa Mwafrika enzi za mkoloni), kadi ya chama cha kahawa, nakala ya hatimiliki. Ya susu ilikuwa moja tu, kitambulisho, nacho alikipata akiwa bibi kizee. Kipande kilikuwa cha wanaume. Wanawake waliingia kwenye usajili wa vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Kwa hiyo susu alilima zaidi ya miaka arobaini, na serikali haikuwa na hata kikaratasi cha kumjua.

Na mkulima wa familia hii alikuwa yeye. Hilo sikulijua kwa kusimuliwa, nililijua kwa kulinganisha tarehe. Mimi ni karani wa hesabu, kazi yangu kutwa ni kulinganisha risiti.

Nilianza kumtafuta susu kwenye sensa, nikagonga mwamba mapema. Uingereza fomu za sensa hufunguliwa baada ya miaka 100, unamkuta babu wa babu yako na jina lake na kazi yake. Kwetu, sensa ya kwanza ya kuhesabu Waafrika nchi nzima ilikuwa ya 1948. Kabla ya hapo tulikadiriwa tu, hasa kwa daftari za kodi. Hata zilizofuata hutoa jumla, si majina, na Sheria ya Takwimu ya 2006 inafunga taarifa za mtu mmoja mmoja. Susu yumo ndani ya ile milioni 8.6 ya mwaka 1962. Yuko sehemu fulani humo, anapalilia.

Nikaenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, jengo lililokuwa benki zamani. Nikavipita vinyago vya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, nikaomba majalada ya Wilaya ya Machakos, yale yenye alama DC/MKS. Nilisoma siku mbili. Ng'ombe wamehesabiwa, vibanda vimehesabiwa, mmomonyoko umelalamikiwa kurasa kwa kurasa. Nilitoka na vumbi puani.

Basi nikarudi kwenye bati.

Kipande cha babu kimekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imekuwa mashimo. Kilikaa ndani ya kijikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kijikopo hakipo, lakini karatasi imebaki na umbo lake, ukiinyoosha inajikunja yenyewe. Kuna alama za vidole zilizofifia, halafu safu: tarehe ya kuajiriwa, kazi, mshahara, tarehe ya kuachishwa, sahihi ya mwajiri. Mkonge, mkonge, mkonge, upande wa Thika. Nilizihamishia tarehe zote kwenye jedwali. Kuanzia Novemba 1934 hadi Desemba 1946, babu alikuwa nyumbani miezi 19 tu kwa jumla.

Kisha nikapata daftari la ubatizo la parokia. Limeandikwa Kilatini, na hapo ndipo susu anapoonekana kwenye karatasi kwa mara ya kwanza, chini ya safu ya *mater*, yaani mama. Watoto wanne walizaliwa katika miaka hiyo, na wote wanne walikuja miezi tisa, siku zikizidi au kupungua, baada ya babu kuachishwa kazi. Nilicheka peke yangu. Hesabu zilikubali hadi senti ya mwisho. (Kuna risiti ya kodi ya 1937 ya nyumba mbili, nikadhani nimegundua mke wa pili wa siri. Baba mdogo akanikata maini: nyumba ya pili ilikuwa ya mama yake babu, mjane.)

Sasa hili ndilo lililoninyima usingizi. Katika kila matanga ya ukoo wetu husimuliwa jinsi babu alivyomfuata Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, hadi Nairobi, Julai 1938, rungu mkononi, serikali ya mkoloni ilipokuwa ikiwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio kwamba wanamaliza udongo. Maelfu walitembea, wakapiga kambi wakitaka kumwona Gavana. Mbingu mwenyewe akaishia kuhamishiwa Lamu, leo ana barabara yake pale mjini. Lakini kipande kinasema babu aliajiriwa Februari 1938 na kuachishwa Novemba. Kutoroka kazini siku hizo lilikuwa kosa la jinai, na mwajiri ametia sahihi kwamba amemaliza. Julai babu alikuwa anakata mkonge.

Wanawake walikuwamo kwenye ule msafara. Nikamkumbuka susu alipokuja kwetu Nairobi mimi nikiwa darasa la tatu, amejifunga leso mbili, akimlaumu mama kwa blanketi jembamba. "Mimi mji huu nimeulala nje," alisema, "mwezi wa saba, na mtoto mgongoni. Baridi ya hapa naijua." Sisi watoto tukaangaliana. Tulidhani umri umemchanganya. Mtoto wake wa kwanza, shangazi yetu, alizaliwa Juni 1936. Mwaka 1938 bado alikuwa wa kubebwa.

Hata mwaka wa susu wa kuzaliwa si ule wa kitambulisho. Kimeandikwa 1914, na aliyeandika alikadiria. Yeye alizoea kusema alizaliwa mwaka ambao baba yake alikamatwa kwenda kubeba mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wale wapagazi wa Carrier Corps walioliachia soko la Kariokor, Nairobi, jina. Kamatakamata kubwa ilikuwa 1917, na hapo ndipo ninapomweka.

Nilimpelekea baba mdogo jedwali, nimelichapa kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake. Alilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kimya. Halafu akauliza, "Sasa kwa nini hakusema?"

"Alisema, baba. Alituambia sisi watoto."

Mwezi uliopita tulikuwa na matanga Tala. Usiku, karibu na moto, vijana wakaomba ile hadithi ya ng'ombe. Baba mdogo akasafisha koo. "Babu yenu..." akaanza, akanitupia jicho, akanyamaza kidogo. "Susu yenu," akasema, "alimfuata Muindi Mbingu hadi Nairobi, mtoto mgongoni, rungu mkononi."

Rungu hakulitoa.