Pampu isiyokula mafuta wala umeme: nilivyopandisha maji shambani Mgeta

Huku kwetu Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, maji tunayo. Kinachotusumbua ni kwamba maji yako bondeni na mashamba yako juu. Kijito kinapita chini ya shamba letu mwaka mzima, hata Oktoba kunapokauka, lakini kutoka hapo hadi kwenye matuta ya njegere na kabichi ni mwinuko wa mita 18, na ukipanda na ndoo kichwani unafika huna pumzi. Wenye uwezo hukodi mashine ya petroli. Inamwagilia vizuri, ila fedha ya kabichi inaishia kwenye mafuta kabla hata mzigo haujafika sokoni Morogoro.

Mimi nimejenga pampu ya ramu. Inasukumwa na maji ya kijito chenyewe, usiku na mchana, bila mota, bila waya, bila tone la petroli. Ndani yake vinacheza vitu viwili tu, navyo ni valvu mbili za kawaida, yaani milango midogo ya kufungua na kufunga njia ya maji, zinazouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya mabomba. Nimeulizwa mara nyingi inavyofanya kazi, kwa hiyo naeleza yote hapa.

Ukifunga koki ghafla wakati maji yanatoka kwa kasi, utasikia bomba likigonga ukutani. Maji yanayokimbia ndani ya bomba ni mzigo mzito. Yakizuiwa ghafla yanakosa pa kwenda, na presha inapanda kufumba na kufumbua. Mafundi bomba wanaliona pigo hilo kuwa ugonjwa wa kutibu. Kwenye pampu hii ndiyo injini. Maji yanashuka kwenye bomba kutoka sehemu ya juu kidogo ya kijito, yanatokea kwenye valvu ya kwanza na kumwagika chini. Yanavyozidi kasi yanaibeba ile valvu na kuibamiza, ta! Yakishafungiwa, presha inaruka, inafungua valvu ya pili, na maji kidogo yanapenya kwenda shambani. Presha ikishuka valvu ya pili inajifunga, ya kwanza inaanguka kwa uzito wake na kufunguka, mzunguko unaanza upya. Yangu inapiga kama mara 50 kwa dakika.

Mwingereza John Whitehurst aliitumia nguvu hiyo mwaka 1772, lakini kwake ilibidi mtu akae pale akifungua na kufunga koki kwa mkono. Mwaka 1796 Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, yuleyule aliyerusha puto la hewa moto pamoja na ndugu yake mwaka 1783, akaifanya ijiendeshe yenyewe ili kupandisha maji kwenye kiwanda chake cha karatasi. Kanuni haijabadilika tangu siku hizo.

Shamba letu ni la upande wa mama, kama ilivyo desturi kwetu Waluguru, kwa hiyo kabla ya kuchimba chochote nilikwenda kwa mjomba. Baada ya shikamoo aliuliza jambo moja tu: "Hao wa chini watapata maji?" Nikamwambia watapata, na nikaahidi kumwonyesha kwa ndoo. Akaniruhusu, ila akasisitiza niende pia kwa watumia maji wenzetu na kwa wahusika wa Bonde la Wami/Ruvu, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayechepusha maji ya mto. Nashukuru alinisukuma. Ugomvi wa maji mlimani ni mbaya kuliko ukame.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima, na hapa hakuna kifaa cha gharama. Niliazima kwa waashi mpira wao wa levo, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, nikapima kutoka pale nitakapochukulia maji hadi pale pampu itakapokaa: mita 2. Kutoka kwenye pampu kupanda hadi penye tenki: mita 18. Kisha nikakinga maji kwa ndoo ya lita 20 huku naangalia saa ya simu. Ndoo ilijaa kwa nusu dakika, yaani lita 40 kwa dakika, na bado kijito kilikuwa kinapita pembeni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zidisha maji unayoingiza kwa urefu wa mporomoko (zile mita 2 za kushuka hadi kwenye pampu), gawanya kwa urefu wa kupandisha, kisha chukua asilimia 60 ya jibu, kwa kuwa nguvu nyingine inapotea kwenye msuguano na kwenye valvu. Lita 40 mara 2, gawanya kwa 18, mara 0.6, unapata lita 2.7 hivi kwa dakika. Ni kidogo, kweli. Lakini dakika hazilali: kwa siku nzima ni zaidi ya lita 3,800, na hizo zinatosha kumwagilia kwa matone karibu robo eka ya mboga.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliamini kuliko yote katika kazi hii. Watu wanaotaka kujenga ramu hukazania pampu. Mimi nasema kazania bomba la kuleta maji kwenye pampu. Pigo lile la presha linasafiri ndani ya maji kama sauti. Kwenye bomba la chuma linakwenda takriban mita 1,300 kwa sekunde. Maji yakisimamishwa yakiwa na kasi ya mita 1 kwa sekunde, presha inaweza kuruka hadi karibu baa 13 (baa moja ni kama presha ya maji yenye kina cha mita 10). Bomba la plastiki linatanuka kidogo kila linapopigwa, linameza pigo, na mwendo unashuka hadi mita mia chache tu, hivyo presha nayo inapungua mara kadhaa. Nilijaribu makusudi bomba la plastiki la kuazima kwanza ili nijionee. Pampu ilipiga vizuri tu, lakini ukiweka kiganja juu ya bomba unalihisi likivimba na kunywea kila pigo. Nilipolitoa na kufunga chuma, mdundo ulibadilika ukawa mkavu na mkali, na maji yaliyofika juu yaliongezeka waziwazi.

Kwa hiyo zaidi ya nusu ya fedha yangu ilikwenda kwenye bomba la chuma la inchi moja na nusu, vipande viwili vya mita 6 vilivyounganishwa kwa soketi. Mita 12 ni mara sita ya mporomoko wangu, na kati ya mara tano na kumi ndipo panapofaa. Likiwa fupi mno pigo halina nguvu. Likiwa refu mno msuguano unakula mwendo. Bomba linyooke, lisiwe na elbo (kiungo cha kona) hata moja, liegemee mawe au nguzo lisitikisike. Pampu nayo niliifunga kwa boliti kwenye zege. Kila kinachotingishika kinaiba nguvu ya kupandisha maji.

Pampu yenyewe ni vifaa vya kuunganisha kwa spana. Mwisho wa bomba kuna geti valvu, yaani koki ya kufungia maji, kisha tii, kiungo chenye midomo mitatu. Mdomo wa tii unaotazama juu unabeba chekivalvu (valvu inayopitisha maji upande mmoja tu) ya shaba yenye kikombe kinachoning'inia, niliyoifunga mshale ukitazama chini, kinyume na mafundi wanavyoifunga siku zote. Ndiyo maana inakaa wazi kwa uzito wake na kufungwa na maji yanayotoka. Mbele ya tii kuna chekivalvu ya pili ya springi, hii mshale wake unafuata njia ya maji. Baada yake tii nyingine: mdomo wa juu unapokea chupa ya hewa, wa mbele unakwenda kwenye geti valvu ndogo na bomba jeusi la inchi moja linalopanda shambani.

Chupa ya hewa ni kipande cha bomba la inchi tatu, urefu wa sentimita 80, kilichozibwa juu. Ndani niliingiza tyubu ya baiskeli niliyoikunja na kuijaza upepo kiasi, iwe bado laini mkononi. Hewa ile inapokea pigo, inabonyea, kisha inasukuma maji taratibu, ndiyo sababu huku juu yanatoka mfululizo na siyo kwa kurukaruka. Wengine hawaweki tyubu, wanatoboa tundu dogo kabla ya valvu ya pili ili hewa iingie yenyewe. Bila moja kati ya hayo, maji huimeza hewa polepole na chupa inajaa. Nakusihi, tumia bomba la presha. Lile la majitaka lina kuta nyembamba, na siku likipasuka vipande vyake vinaruka kama mawe.

Kuiwasha kunahitaji kidole gumba na subira. Funga geti valvu ya kwenda shambani, fungua ya kuingiza maji, valvu ya shaba itapiga mara moja na kunata. Ibonyeze chini ifunguke, ipige, ibonyeze tena. Presha ndani ya chupa inakua kidogo kidogo, mpaka inafika mahali valvu inashuka yenyewe kabla hujaigusa. Hapo toa mkono, fungua njia ya shambani taratibu. Mdogo wangu alikuwa juu ameshika mdomo wa bomba, tukasikia anapiga kelele, "Kaka, yanakuja!"

Kisha nikaitafutia mwendo. Nilitoboa kikombe cha valvu ya shaba na kukifungia nati na washa, vile vyuma vya duara, ili kukiongezea uzito. Ukiongeza uzito inapiga polepole, inamwaga maji mengi zaidi na kupandisha mengi zaidi. Ukipunguza, inapiga haraka na kutumia machache. Mimi nilitulia kwenye lita 2.5 kwa dakika.

Wa chini walikuja, kama mjomba alivyojua. Mama mmoja mwenye bustani ya mchicha aliona maji yanavyomwagika pale kwenye pampu, akasema, "Mwanangu, hayo yote unayachukua wewe?" Nikachimba mfereji mfupi mbele yake, maji yaliyomwagika yakarudi kijitoni palepale, nikampa ndoo apime mwenyewe. Katika kila lita 40, zinazopanda ni mbili na nusu. Nyingine zote zinamfuata yeye.

Matunzo yake ni ya kudumu lakini mepesi. Maji yanaingia kwanza kwenye pipa la kutulizia mchanga, lenye wavu, na mdomo wa bomba uko kina cha sentimita 30 chini ya uso wa maji ili usivute hewa. Mvua ikinyesha nasafisha majani kwenye wavu. Kinachochakaa ni mpira wa kikombe, na si ajabu: mapigo 50 kwa dakika ni mapigo 72,000 kwa siku, zaidi ya milioni 26 kwa mwaka. Spea ninakata mwenyewe kwenye tairi kuukuu, kwa kisu kilekile wanachotumia washona katambuga, kisha nasugua kwenye jiwe mpaka ukae sawasawa.

Yule mama wa mchicha sasa anataka yake. Tumeshapima: mporomoko wa mita 1.2, nyumba iko mita 9 juu, na kwa lita 40 za kuingiza atapata karibu lita 3.2 kwa dakika. Kwake kipande kimoja cha bomba la mita 6 kinatosha. Akishauza mchicha wa msimu huu tunakwenda mjini kukinunua.