Sifuri ya Ferrara

Katika mabishano kuhusu E-Cat, mtambo wa Mwitaliano Andrea Rossi unaodaiwa kutoa joto jingi kuliko umeme unaoula, wengi hujadili namna joto lilivyopimwa. Mimi ni fundi umeme, na kwa mazoea ya kazi yangu naanza na waya unaotoka ukutani.

Jaribio la Machi 2013 huko Ferrara, Italia, lilichukua saa 116. Watafiti waliripoti kwamba umeme uliingia kwa takriban asilimia 35 tu ya muda huo, na kwamba muda uliobaki kipimo kilisoma sifuri, kana kwamba mtambo umezimwa. Hesabu ya nishati ya ziada inaegemea sana sifuri hiyo.

Ni haki kusema kwamba hawakuzembea. Waliinua kisanduku cha kudhibiti ili waone kama kuna kebo nyingine, na waliuondoa waya wa ardhi, ambao Ian Bryce wa Australia alikuwa ameutilia shaka katika maonyesho ya 2011. Lakini mkondo ulipimwa kwa klampu, yaani koleo linalofungwa kuuzunguka waya bila kuukata, nayo hupima usumaku unaouzunguka waya, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Ndani ya ganda moja la plastiki zikifichwa nyaya mbili, mmoja ukipeleka mkondo na mwingine ukiurudisha, sumaku zao hufutana, na klampu itasoma sifuri huku kilowati nzima ikipita. Tena klampu ya kawaida, iliyoundwa kama transfoma, haiuoni kabisa mkondo mnyoofu (DC). Simtuhumu mtu, nasema tu kwamba kipimo cha namna hiyo hakiwezi peke yake kuutenga umeme uliofichwa na umeme usiokuwepo.

Watafiti wangeweza kuja na kebo yao wenyewe, au kuulisha mtambo kwa jenereta waliyoileta na kupima mafuta yake. Njia rahisi kuliko zote ingekuwa kuweka voltimita kwenye ncha za koili za kupashia joto wakati mtambo unadaiwa kuwa umezimwa, na kusoma volti za mkondo geu (AC) na za mkondo mnyoofu pia, kwa kuwa pasipo volti koili haipati umeme, hata nyaya zifichwe namna gani. Lakini koili hizo zililishwa kupitia kisanduku cha kudhibiti, na kipimo kiliwekwa kabla ya kisanduku hicho, kwa sababu umbo la mawimbi ya umeme yaliyotoka humo lilihesabiwa kuwa siri ya biashara.