Boriti Tano za Kiponda

Siku ya Ijumaa, 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, iliporomoka likiwa katikati ya ukarabati. Watu wawili walikufa. Wiki tatu baadaye nikawaingiza mafundi nyumbani kwetu Kiponda wabadilishe boriti tano za dari zilizooza kwa maji ya mvua. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe ninacho, chokaa imeshalowekwa, vibarua wameshachukua nusu ya pesa yao. Nikajiona nimetimiza.

Bibi wa nyumba ya pili tu ndiye sikumwambia.

Asiyezijua nyumba zetu ataona nimekosa adabu, basi. Lakini ukuta kati yetu ni mmoja, wa mawe ya matumbawe na chokaa, kifusi katikati, na vichwa vya boriti zangu vimelala humo, nyuma tu ya madaka yake, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Huing'oi boriti bila kuutikisa ukuta wa watu.

Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili iligoma. Fundi akaichokonoa kwa mtalimbo, tukasikia ng'ambo kitu kinavunjika, kisha ukelele, kisha kimya. Kile kimya ndicho kilichonishusha ngazi mbio.

Nilimkuta uchochoroni, kanga begani, miguu mitupu, wajukuu wawili kawashika mikono. Alidhani nyumba inaanguka. Mwezi ule nani asingedhani?

"Shikamoo bibi. Ni sisi, tunatengeneza dari."

"Marahaba. Mnatengeneza, na mimi nimo ndani?"

Nikatoa kibali mfukoni. Hadi leo naona haya. Hakukitazama.

"Hicho umepewa na serikali. Mimi umeniambia nini?" Akanikumbusha hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba jirani asimzuie jirani yake kutia mti katika ukuta wake. "Basi sikuzuii, mwanangu. Lakini hodi hukupiga."

Ndani, sahani ya kaure ya marehemu mama yake ilikuwa vipande vitatu sakafuni, na ufa mwembamba umeshuka kutoka dakani hadi karibu na mlango. Fundi akaukwaruza kwa kucha, akasema ni lipu, jiwe halijaguswa. Bibi hakumwamini. Akaniambia mimi nitie kidole. Nikatia.

Kazi ilisimama siku nne. Tulihamisha vyombo vyake vyote, tukasimamisha mirunda chini ya dari yake kama tulivyofanya kwangu, naye akapanga masharti: si kabla ya saa mbili asubuhi, si Ijumaa, si watoto wakilala mchana. Fundi alipotaja saruji ya kuzibia ufa, kwa kuwa inakauka upesi, alisomeshwa pale pale kwamba saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe. Alikuwa anajua. Alitaka kumaliza tu.

Tangu hapo, kabla ya kugusa boriti yoyote, fundi aligonga ukuta mara tatu kwa mpini wa nyundo, akangoja. Bibi akajibu kwa mchi wa kinu.

Siku ya mwisho hakujibu. Tukagonga tena, wapi. Tukakaa, nyundo chini, chai inapoa, mpaka mjukuu mmoja akachungulia mlangoni: bibi anaswali, tusubiri.