Kuchimba dawa mara mbili kabla ya Manyoni

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Singida. Kabla ya kufika Manyoni nilikuwa nimeshamwomba kondakta basi lisimame nichimbe dawa mara mbili, Bahi na Kintinku. Vijana walinung'unika. Mama mmoja akawaambia, "Mwacheni mzee." Nilimshukuru, lakini iliniuma.

Daktari hapa Dodoma alishanieleza: tezi dume imetanuka, si saratani. Vidonge havinisaidii tena, usiku naamka mara tano. Nikajua kinachofuata ni kisu tu.

Binti yangu muuguzi akasema, "Baba, kuna tiba ya mvuke." Kifaa chembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo, kisha sindano hutoa mvuke wa maji kwa sekunde 9 kila inapochoma. Nyama iliyozidi hufa, mwili ukaiondoa polepole, wiki hadi miezi. Siku za mwanzo unakaa na mpira wa mkojo. Marekani waliiruhusu 2015, baada ya kuijaribu kwa wanaume 197. Baadhi yao walifanyiwa igizo tu, bila mvuke, ili ijulikane kama nafuu ni ya kweli. Wanaume wale nawaheshimu sana, walilala kitandani bila kujua watapata nini.

Jumatatu namrudia daktari: kwa ukubwa wa tezi yangu, inanifaa?