Mfumo wa duka la vifaa vya ujenzi: kumbukumbu ya wiki ya 1 hadi ya 7

Wiki ya 1. Keshia wawili, stoo moja, daftari la madeni. Kabla ya kuchagua lugha ya programu, ilibidi kuchagua namna ya kupanga kazi: maporomoko (kila kitu kiandikwe kwanza, ndipo kijengwe), mfano wa awali (mchoro wa kujaribia kabla ya kujenga), au mizunguko mifupi ya aina ya Skramu (kujenga na kupima kipande kwa kipande), ambayo haizidi mwezi mmoja kila mmoja. Maporomoko hunasibishwa na Winston Royce, ingawa makala yake ya 1970 ilionya kwamba kwenda hivyo moja kwa moja ni hatari. Uamuzi: kila sehemu ipewe njia yake, kwa kuuliza kosa lake likigunduliwa baada ya miezi 3 litagharimu nini.

Wiki ya 2. Stoo na hesabu: maporomoko, bila ubishi. Misumari huingia kwa katoni ya kilo 25 na hutoka kwa kilo, nusu na robo. Jedwali likihesabu katoni tu, robo ikiuzwa, stoo ama inapungua katoni nzima ama haipungui kabisa. Kwa hiyo kipimo cha msingi ni gramu, na kila kipimo cha kuuzia kina kizidisho chake: robo 250, kilo 1,000, katoni 25,000. Salio la stoo halifutwi na kuandikwa upya. Kinachoandikwa ni mistari ya kuingia na kutoka, salio likapatikana kwa kujumlisha. Bila hivyo, mfuko wa sementi ukipotea hakuna pa kuanzia kuutafuta. Pesa zinakaa kama namba nzima za senti, maana kwenye desimali za kompyuta 0.1 + 0.2 haitoi 0.3 kamili.

Wiki ya 3 na 4. Skrini ya mauzo: mfano wa awali, tena wa karatasi za A4 na penseli. Jaribio: mifuko 3 ya sementi na robo ya misumari, mteja analipa nusu taslimu, nusu deni. Karatasi ya kwanza ilianza na jina la mteja. Keshia huanza na bidhaa. Jina analihitaji deni linapoingia tu. Kurekebisha: dakika 5 na kifutio. Karatasi ina faida nyingine: mfano unaobonyezeka humfanya mwenye duka atake uanze kazi kesho, ilhali hauna nywila wala nakala rudufu.

Wiki ya 5 hadi 7. M-Pesa kupitia Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa): mizunguko mitatu ya wiki moja moja, kwa kuwa tabia ya mtandao haikai yote kwenye hati.

Mzunguko wa 1: namba ya simu iende kama 2547…, si 07…

Mzunguko wa 2: jibu la kwanza la ombi la STK (linalomtokea mteja kwenye simu ili aweke PIN) maana yake ombi limepokelewa, si kwamba pesa imeingia. Mauzo hubaki "yanasubiri", yakiwa na kitambulisho cha ombi, hadi ujumbe wa matokeo ufike. Namba ya risiti imewekewa sharti la upekee kwenye jedwali, ujumbe ukija mara mbili malipo yasiandikwe mara mbili.

Mzunguko wa 3: sekunde 60 zikipita kimya, mfumo unauliza wenyewe hali ya malipo. Keshia haruhusiwi kubonyeza "imelipwa" kwa kuonyeshwa SMS ya mteja.

Linalofuata: kuhamisha daftari la madeni. "Mama Asha" na "Mama Asha wa kona" wanaweza kuwa mtu mmoja. Majina yatapitiwa na mwenye duka, mstari kwa mstari, kabla ya kuingizwa.