Krioli ni mtu amelelewa hapa

Juzi nilikua kwa mathee mmoja Mnubi pale Kibos, Kisumu, anasuka tabaga, zile sinia zao za kusuka, akapigiwa simu na binti yake wakaanza kuongea Kinubi, na jamaa nilienda naye akaninong'onezea eti hicho ni Kiarabu kibovu. Iliniuma sana. Kwa nyumba ya wenyewe nilinyamaza, lakini njia yote ya kurudi Kondele nilimwambia.

Kinubi ni krioli, yaani lugha inazaliwa watu wa lugha tofauti wakichanganyika, halafu watoto wao wanaifanya lugha ya mama. Na hii neno haikuanza na lugha, ilianza na watu. Wareno wana kitenzi criar, yaani kulea, kukuza, hata kufuga, wakatoa hapo crioulo, wakaita hivyo mtumwa aliyezaliwa kwa boma la bwana wake, si yule ameshushwa kwa meli kutoka Afrika. Wahispania wakasema criollo, kwao ikawa mtoto wa Mhispania aliyezaliwa Amerika. Ona hapo, mtumwa na mtoto wa mkubwa wanaitwa jina moja, juu swali halikua rangi, swali lilikua umelelewa wapi. Baadaye jina likahamia lugha zenye hao watu walikua wanaongea. Haiti krioli yao iko kwa katiba tangu 1987, lugha rasmi sawa na Kifaransa.

Krioli ya Wanubi ilitokea kwa askari wa kusini mwa Sudan, makabila mengi, wakaelewana kwa Kiarabu cha kambini. Lugard, afisa Mwingereza, akawachukua 1891 akawaingiza Uganda, wengine wakafika huku kwetu. Watoto wakazaliwa wakaikuta ndio lugha ya mama, na mtoto hakui na nusu lugha, anaijaza mwenyewe. Sikiza: ana gi rua, naenda. Ita gi rua, unaenda. Ana bi rua, nitaenda. Rua haiguswi, gi na bi ndio zinabeba wakati, lakini kwa Kiarabu kitenzi kinabadilika kila ukibadilisha mtu. Sasa ubovu uko wapi? Hiyo ni sarufi imenyooka kabisa, na inaongewa na watu wenye wamehangaishwa miaka na miaka juu ya kitambulisho tu, kama wageni.

Kabla tutoke nilikua nimemuuliza mathee kwao ni wapi. Akaniangalia kidogo, akasema ni hapa Kibos, babu yake amezikwa hapa.